Siku Baba Alipoliwa

Juzi Kawangware marafiki zangu walinifunga drafti, wakala kete zangu zote, mmoja akapiga kelele, "Mzee ameliwa!" Nikakumbuka Kianda, mtaa nilikokulia, enzi zangu za kutumwa chumvi dukani. Baba alikuwa fundi wa mbao, na mchana mmoja alicheza drafti nje ya karakana, kete za vifuniko vya soda zikigonga ubao. Nilipopita na chumvi, mwenzake akanicheka, "Wee, baba yako ameliwa, amekwisha!" Mimi nilijua fisi tu ndiye anayekula watu. Nikakimbia bila hata kumwangalia baba, nikilia hadi kwa mama, naye akaacha mandazi kwenye mafuta, akaja miguu mitupu. Alipomkuta baba anapanga vifuniko upya, hakucheka. Alimshika bega, akasimama hapo mpaka tukasikia harufu ya mandazi kuungua. Basi juzi, siwafichi, nilipoliwa niliangalia njiani kidogo, kama kuna mtu anakuja akikimbia.