Shahidi wa Mbuzi

Mume wangu ukimpigia kwa namba asiyoijua, hasemi haloo. Anasema, "Nani kakupa namba hii?" Hata kama ni hospitali. Hata kama ni mama yangu mzazi, anapiga kutoka Mwanza kwa simu ya jirani. Siku hizi mama akitaka kutusalimia ananitafuta mimi, maana anasema kwa huyo bwana yako lazima kwanza ujieleze kama uko kituo cha polisi.

Anaitwa Wambura, mtu wa Tarime, fundi bomba huku Amerika, kwenye majengo ya kupangisha kule Adelphi. Sisi wenyewe tunakaa Temple Hills. Karatasi zake zote ziko safi, kodi analipa, hajawahi kupigwa hata faini ya kuegesha gari vibaya. Lakini kamera ya kompyuta kaibandika plasta ya kidonda, na mtu akibisha hodi ananikataza kufungua. Tunakaa kimya sebuleni mpaka aondoke, huku televisheni inaongea na taa zote zinawaka! Nikimwuliza, "Baba Irene, unamwogopa nani?" ananijibu, "Siogopi. Nachunguza." Haya baba, chunguza.

Simcheki sana, kwa sababu chanzo chake nakijua. Alipokuwa mdogo, bwana mmoja wa serikali alifika kwao na tabasamu lake, akakaribishwa chai na viazi, akawa anauliza habari za ng'ombe kama mtu anayepiga soga tu. Ng'ombe huyu mzuri hivi mmempata wapi? Baba mkwe, mtu mkweli kupita kiasi, akamtaja jirani aliyemuuzia. Kesho yake jirani akachukuliwa, eti ng'ombe ni wa wizi. Alirudi baada ya miezi mingi, amekonda, na tangu hapo hakuna mtu pale kijijini aliyempa baba mkwe mkono, hata msibani. Wambura alikua akiyaona hayo. Aliondoka kwao na somo moja tu kichwani: mkubwa akikuuliza habari za mtu mbele ya watu, mtu huyo humjui.

Sasa mtu huyuhuyu, katika Amerika nzima, alimwamini mtu mmoja. Na ni mzungu! Mzee Orville Tackett, mfuga mbuzi, mjane, anakaa nyuma ya milima, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka kwetu. Tulimpata wakati wa komunio ya Irene, tulipokuwa tunatafuta mbuzi shamba kwa shamba. Wengine walituangalia kutoka dirishani, wengine walituuliza tumetumwa na nani. Orville alitoka na kofia yake, akauliza, "Mnataka dume au jike?" Basi. Wambura akanigeukia akasema, "Huyu ni mtu."

Kuanzia siku hiyo harusi, kipaimara, arobaini, zote mbuzi wake wakatoka kwa Orville. Tunakwenda na jirani yetu Mwislamu achinje ili kila mgeni ale bila wasiwasi, na kazi yote inafanyika kwenye kibanda cha Orville, chenye ndoano, meza na maji. Hayo maji Wambura ndiye aliyeyavuta mpaka pale, na hakudai kitu. Kazi ikiisha, wanaume hao wawili wanageuza ndoo, wanakaa, hawasemi. Mmoja anasema, "Baridi." Mwingine anasema, "Kweli." Mimi nikiwa jikoni kwa Orville nawatazama, nacheka peke yangu.

Shida ni kwamba shamba lilikuwa linakufa. Sheria inamruhusu mnunuzi achinje mnyama wake mwenyewe kwa matumizi yake, lakini Orville haruhusiwi kuchinja amuuzie mtu nusu mbuzi, au kilo mbili, mpaka ampeleke machinjio makubwa yenye mkaguzi. Hayo machinjio yako mbali, na foleni yake mtu anasubiri hadi anasahau. Watoto wake wamehamia mijini. Alituambia wazi: mambo yasipobadilika, anauza mbuzi wote na ardhi juu.

Ndipo akaja mbunge. Jumamosi moja tuko kazini, pikapu yenye vumbi ikaingia, akashuka mama mmoja wa makamo, gamubuti miguuni, anacheka hata kabla hajafika. Mheshimiwa Lindamood, mbunge wa huko mashambani, anazunguka kwa wapiga kura wake. Nyuma yake bwana mmoja mwenye upara, kitambulisho kinaning'inia shingoni, anaandika. Mheshimiwa alikuwa na muswada wake wa kuwaruhusu wafugaji wadogo kama Orville wachinje na kuuza nyama hapohapo, hata kwa wateja wa majimbo ya jirani. Wenzake kwenye kamati walikuwa wanambeza kwamba nyama hiyo haina wanunuzi. Alipotuona sisi, macho yakamng'aa.

Akaanza. Mnatoka wapi? Mnakuja mara ngapi? Mnapenda sehemu zipi? Yule mwenye upara anaandika. Mume wangu, mkononi ana utumbo wa mbuzi bado unafuka mvuke, akamwambia mbunge, "Mimi napita tu."

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Mheshimiwa akacheka, Orville naye akacheka mpaka akakohoa, akidhani ni utani. Lakini rafiki yetu Njuguna, Mkenya wa Kiambu tuliyekuja naye, alikuwa amekwisha kumvuta Wambura pembeni. "Buda, huyo mama ni mtego. Umeona vile anacheka? Mzungu mkubwa hachekangi bure. Na ule wa kipara ameandika kila kitu, hadi namba ya gari." Namba ya gari hakuiandika, mimi nilikuwa namwangalia. Lakini Njuguna akishaanza, nani atamzuia? Njia nzima ya kurudi Wambura aliendesha akiangalia kioo cha nyuma.

Na mimi niseme ukweli, kidogo wasiwasi uliniingia pia. Mbunge gani anaacha kiti chake anakuja kunusa mavi ya mbuzi? Kwetu wakija, ujue kura ziko karibu, na sisi kura za kule hatuna. Anatutakia nini?

Hazikupita siku nyingi simu ikalia. "Nani kakupa namba hii?" Nikamwona Wambura anakaa kitandani taratibu. Aliyepiga alikuwa yule wa kipara. Mheshimiwa anafanya kikao cha kusikiliza wananchi pale mjini, kwenye majengo ya ofisi za Bunge, na anaomba Bwana Wambura aje aseme maneno mawili. Namba kaipata kwa Mzee Tackett.

"Wamemkamata Orville," Wambura akasema.

"Nani kasema kakamatwa?"

"Angetoaje namba yangu? Wamembana, akaitoa."

Irene, binti yetu, alitoka chumbani na simu yake, ametafuta habari za kikao, zimeandikwa hadharani, na saa, na mlango wa kuingilia. "Daddy, it's literally a public meeting." Yaani mkutano wa wazi kwa kila mtu. Baba yake akamwuliza kama huo mtandao si wao wenyewe wanaouandika. Irene akaniangalia mimi, akarudi chumbani. Mimi nikasema basi mpigie Orville umwulize. Akaniona mjinga: simu ya mtu aliyebanwa unaipigaje? Nikamwambia basi usiende. "Nisipokwenda," akasema, "watakuja hapa."

Siku ilipofika akavaa suti ya harusi yetu, ambayo sasa inamkaba tumboni. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda naye, maana nilimjua. Tulichelewa, na ni kwa sababu yake: alilizunguka lile jengo lote kwanza kuangalia milango ya kutokea. Kisha foleni ya kupekuliwa, mkanda vua, viatu acha, saa weka kwenye bakuli. Tulipoufungua mlango wa ukumbi, kikao kilikuwa kimeshakwenda mbali.

Na mbele pale, pembeni ya meza, tukamwona Orville. Hana kofia. Amevaa tai, mtu ambaye sijawahi kumwona hata na shati lenye vifungo vyote. Kofia ameishika magotini kwa mikono miwili. Na aliyekaa ubavuni mwake, bega kwa bega, ni yule wa kipara na kitambulisho chake.

"Umeona?" Wambura akaninong'oneza. "Umeona sasa?"

Nikataka kumwambia kitu, lakini Mheshimiwa alishatuona. "Bwana Wambura! Tumekuwa tukikusubiri." Watu wote wakageuka. Wakampeleka kwenye kiti, wakamsogezea kipaza sauti. Mheshimiwa akamwuliza kwa upole kabisa, "Hebu tuambie, Bwana Tackett unamfahamu vipi?"

Wambura akamtazama Orville. Orville akamtingishia kichwa, anatabasamu kidogo, kama mtu anayesema, haya, sema.

"Simfahamu," Wambura akasema.

Mheshimiwa akadhani hakusikia vizuri, akarudia. "Mzee huyu hapa. Shambani kwake."

"Sijawahi kufika."

"Nyama ya mbuzi, labda?"

"Mimi nakula kuku."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mbunge mwingine, mnene, mwenye miwani, mmoja wa wale waliokuwa wakidai hakuna wanunuzi, akaandika kitu na kufunga kalamu yake. Yule mama mbunge alimwona kwa macho yake akiwa na utumbo mkononi! Angeweza kumuumbua mbele ya wote. Badala yake akasema, "Asante, bwana," akamwita mwingine.

Orville hakutingisha kichwa tena. Alikuwa anaiangalia kofia yake.

Wambura alirudi kwangu kifua mbele, jamani, kifua mbele! Kwa mara ya kwanza tangu simu ile ilie, uso wake ulikuwa umefunguka. Orville alipoinuka kutoka nje, naye akainuka, akamfuata kwenye korido ya nje, mimi nyuma yao. Akamkaribia, akamkonyeza, akasema kwa sauti ya chini, "Usijali, mzee wangu. Sikuwaambia kitu."

Orville akasimama.

"Mimi niliwaambia kila kitu," akasema. "Kabla hujafika. Nilisema rafiki yangu yuko njiani, yeye ataeleza vizuri kuliko mimi."

Akavaa kofia, akaenda kwenye lifti. Mlango ukajifunga.

Sijawahi kumwona mume wangu namna ile. Aliegemea ukuta, mdomo wazi, kama aliyepigwa. "Mama Irene," akasema, "mimi nilikuwa namkinga." Najua alikuwa anamkinga! Ndiyo iliyonitia uchungu zaidi. Nilimhurumia, na hasira zikanipanda palepale, nikamwambia kwa Kiswahili cha kupayuka, hadi askari wa mlangoni akageuka: "Rudi ndani! Rudi sasa hivi useme, au mimi nitaingia nikaseme mwenyewe, na utembee peke yako mpaka Temple Hills!"

Akarudi. Kikao kilikuwa kinavunjika, watu wanakusanya makaratasi. Akaenda moja kwa moja kwa yule wa kipara, mtu aliyemwogopa kuliko wote, akasema, "Andika." Akataja jina lake lote. Akasema mbuzi wa Orville amewala miaka yote, na bomba la kile kibanda alilivuta yeye, na kwamba amedanganya. Yule bwana akaandika. Mheshimiwa akaja akasimama karibu, hacheki sasa. "Nitayaingiza kwenye kumbukumbu," akasema. "Lakini Bwana Tackett mwenyewe hajayasikia."

Kama yatasaidia, sijui. Muswada mpaka leo uko kwenye kamati, na yule mnene bado yupo.

Wambura alipiga simu kwa Orville wiki nzima, haikupokelewa. Jumamosi akaniambia twende shambani kwake. Njia nzima hakuangalia kioo cha nyuma hata mara moja, sijui hata kama barabara aliiona. Tulipofika, Orville alikuwa kwenye uzio. Alituona tangu mbali. Gari likasimama, Wambura akashuka, na Orville akagusa ukingo wa kofia kama anavyomfanyia mteja yeyote.

"Karibu, bwana. Nikusaidie nini?"

Mungu wangu. Nilikuwa bado kwenye gari, dirisha liko wazi, nikasikia, nikafunika uso.

Nilidhani Wambura ataanza kujitetea, maana kujitetea anakujua. Hakujitetea. Akasema, "Naitwa Wambura. Nakaa Temple Hills, mimi ni fundi bomba. Nilisema mbele ya watu kwamba sikujui, na wewe ndiye ninayekujua kuliko watu wote nchi hii." Akamweleza na yale ya baba yake, ya chai na viazi na jirani, kisa ambacho mimi mkewe alinisimulia baada ya miaka mingi ya ndoa. Orville akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya uzio. Hakusema ametusamehe. Alinyoosha kidole kwenye zizi.

"Dume lako lile pale," akasema. "Kamkamate mwenyewe."

Basi mume wangu akaruka uzio na viatu vyake vya kanisani. Dume lenyewe jeuri, lina pembe, linamngoja afike halafu linaruka pembeni. Akaanguka kwenye tope kifudifudi. Akainuka. Orville anaangalia tu. Akakimbia tena, akashika mguu, ukamponyoka, akaanguka tena, na safari hii hakuinuka haraka. Alikaa palepale kwenye tope, analia, mabega yanatikisika.

Orville akamwangalia kidogo. Halafu akafungua geti, akaingia.