Baba Amiri Alala Nje

Hashiru, ambaye mtaani walimwita Baba Amiri kwa jina la mwanawe aliyekuwa shule ya bweni, alikuwa mtu wa ofisi. Kazi yake pale Kibaha ilikuwa kushughulikia hati za viwanja, na tangu ahamie mtaa wa Kwa Mathias safari yake ngumu kuliko zote ilikuwa kuvuka Barabara ya Morogoro asubuhi kufuata maandazi. Ndiyo maana mkewe, Raudha, alicheka mpaka akaketi chini siku alipomwona akiingiza getini pikipiki ndefu yenye matairi ya meno makubwa, zile za kurukia mashimo.

Aliyemtia wazimu huo ni rafiki yake Wilfred, mwalimu wa fizikia, ambaye kila akitoka kuzunguka njia za porini alirudi mwekundu kwa vumbi na mwenye furaha asiyoweza kuieleza. Wakapanga Jumamosi watoke pamoja, wafuate njia za ng'ombe hadi Magindu, wapige kambi, kesho yake wazungukie Mzenga kuwasalimia wakwe wa Hashiru, kisha warudi.

Hashiru akajiandaa kama mtu anayehama nchi. Alinunua hema, tochi ya kuvaa kichwani, jiko dogo la gesi, na kamba ya kuvutia gari ingawa gari hakuwa nalo. Alinunua dawa ya kufukuza nyoka, halafu akanunua na chumvi ya mawe, kwa kuwa mtu mmoja kwenye kundi la simu la wapanda pikipiki alisema nyoka haogopi dawa, anaogopa chumvi. Kila jioni alivitandaza sebuleni, akavipanga, akavipangua. Raudha alivirukaruka akienda jikoni, akawa anasema kwamba anayefanya mazoezi ya safari ni yeye.

Tatizo ni kwamba Hashiru hakuwahi kulala nje hata siku moja. Kwao Bukoba alikokulia, aliyelala nje alikuwa mlevi. Basi Alhamisi akaamua kujaribu, akasimamisha hema uani, kati ya mpapai na tangi la maji. Raudha akamtakia usiku mwema na kufunga mlango kwa komeo, kama kawaida yake.

Kulipopambazuka, wapita njia walimwona kwa kuchungulia juu ya ua wa michongoma: baba mzima anatoka hemani kwa magoti, shuka mabegani, anagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe na kubembeleza afunguliwe. Raudha alikuwa anaoga, hasikii. Kabla chai haijachemka, habari ilikuwa imeshafika kituo cha mabasi na kurudi imenenepa.

Jioni akaja Mama Margareth, mjumbe wa mtaa, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya upole ya kumtisha mtu. Alikuja na ndizi mbivu. Wakamwamkia, akaitikia, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya sukari, hatimaye akasema hakuna nyumba isiyofuka moshi. Hashiru akamweleza kwamba jiko lake halifuki kabisa, ni la gesi.

Mama Margareth akamwacha, akamgeukia mkewe. "Mama Amiri, mwanamume hata akikosea, halazwi nje."

Raudha akaelewa. Neno moja tu lingemaliza mambo, lakini hakulisema. "Sijamfukuza, mama," alijibu kwa unyenyekevu. "Amependa mwenyewe. Na kesho anakwenda kulala Magindu."

"Magindu kwa nani?"

Hapo Hashiru aliruka kitini. Akaleta kofia ngumu, jiko, tochi, kamba, hata chumvi, akavimwaga vyote miguuni pa mgeni huku akijieleza. Mama Margareth alikagua kimoja kimoja. Kisha akaomba kuliona hema lenyewe, akavua viatu, akaingia, akajilaza. Wakadhani amesinzia.

"Humu mtu anapumua," ilisikika sauti yake kutoka ndani. "Na Mama Amiri huko Magindu analala wapi?"

Hashiru akasema mkewe hasafiri, anabaki nyumbani.

"Basi hapo ndipo mimi naiona kesi."

Raudha mwenyewe hakuwa amelifikiria jambo hilo. Alizaliwa Mzenga, kwake pori lilikuwa mahali pa kuokota kuni na korosho, si pa kustarehe. Lakini alipolisikia likisemwa, alijikuta anataka kwenda, tena anataka sana. Akauliza kama kiti cha nyuma kina mtu. Hashiru akasema kina mzigo.

"Mzigo utabaki," Raudha alisema.

Hashiru aliona haya kwa kutomuuliza mapema, na furaha ikawa kubwa kuliko haya. Jioni ileile alipunguza vitu, akiagana na kamba yake kama na ndugu.

Jumamosi wakaondoka, Wilfred mbele. Kwenye mchanga wa Magindu walianguka mara mbili, na mara ya pili Raudha alianza kucheka kabla hawajafika chini. Wali uliungua, wakaula. Hashiru alilala usingizi mzito mpaka kengele za ng'ombe zilipomwamsha.

Asubuhi hema lilikataa kurudi kwenye mfuko wake. Hashiru alilikunja, akalikalia; Wilfred akalikandamiza kwa goti na kueleza habari za hewa na mgandamizo. Raudha aliwatazama mpaka chai yake ikaisha. Kisha akafungua khanga kiunoni, akalifunga hema kama mzigo wa kuni, akapanda nyuma na kulipakata, wakashika njia ya Mzenga.