Bahari ya Gatitu

Sisi tuliokulia Nyeri enzi zile tuliijua bahari kabla ya kuiona. Ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye ukuta wa nyuma wa studio ya picha ya Barasa, pale Gatitu. Ukitaka kwenda ufukweni, ulipita kando ya duka la mafuta ya taa, ukaruka mtaro, ukafika. Aliyeichora kwenye kile kitambaa kikubwa alikuwa kijana wa Karatina ambaye nina hakika hakuwahi kuteremka hata Thika. Minazi yake ilikuwa na majani ya mgomba. Mawimbi aliyapanga kama matuta ya viazi, na kule mwisho wa maji, mkono wake ulishindwa kujizuia, ukachora Mlima Kenya pamoja na theluji yake. Hakuna aliyelalamika. Kwetu sisi mahali pasipo na mlima palikuwa bado hapajakamilika.

Barasa alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya aliyemfuata kaka yake polisi huku kwetu, akabaki. Alikuwa mnene, mwenye maneno mengi na majivuno ya kutosha kijiji kizima. Alimwaga mchanga wa ujenzi mbele ya kile kitambaa ili tusimame pwani sawasawa, na kabla ya kupiga picha alitangulia na ufagio kuondoa yale ambayo paka walikuwa wameacha. Viatu tulivua. Masweta hatukuvua. Ilikuwa likizo ya Agosti, msimu wetu wa baridi na ukungu tunaouita gathano, na hakuna mama wa Nyeri ambaye angemvua mtoto sweta ati kwa sababu yuko baharini. Ndiyo maana albamu za kizazi chetu zimejaa watoto waliosimama ufukweni miguu mitupu, wamevaa masweta ya kufumwa na kofia za sufu hadi masikioni. Mkicheka, chekeni, lakini najua nanyi mnazo nyumbani.

Picha hiyo ya Agosti ilikuwa ya kumtumia baba. Baba alikuwa askari Mombasa, na nyumbani alikuja Krismasi tu. Yaani mtu aliyekuwa akiamka kila siku akiiona bahari yenyewe, sisi tulimtumia picha zetu tukiwa kwenye bahari ya Gatitu! Alizibandika ukutani juu ya kitanda chake, na wenzake wakija chumbani aliwaonyesha watoto wake. Shida ilikuwa moja, nayo ilikuwa yangu. Mimi sikuwa nikitokea.

Kaka yangu Muriithi alizaliwa mweupe kama mama. Mimi nilimfuata baba, mweusi tititi. Mwaka wa kwanza Barasa alitupiga picha jioni, giza likianza kuingia, kwa flashi kali. Muriithi alitoka kama mtu aliyeangukia gunia la unga, nami nikatoka meno na kola ya gauni. Mwaka uliofuata akatupiga asubuhi, jua likichomoza juu ya ule ukuta na kutugonga mgongoni, akasema flashi ni ya nini mchana wote huu. Safari hiyo Muriithi akawa kivuli. Mimi hata kivuli sikuwa, nilikuwa giza tu kati ya minazi miwili. Krismasi baba alipokuja alinitania mbele ya wageni, "Wairimu, mbona mama yako alikuacha nyumbani?" Watu walicheka na mimi nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya jikoni nikalia. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba baba, na ule umbali wote, atausahau uso wangu. Na Muriithi hakunisaidia. Kila kamera ilipoinuliwa alininong'oneza, "Cheka, ndio uonekane."

Basi Agosti ya tatu ikafika. Asubuhi mama alitupaka mafuta. Vijana wa siku hizi wana losheni ya uso, ya mikono na ya visigino, na bado wanapauka. Sisi tulikuwa na mkebe mmoja wa mafuta mazito ya mgando, na mama aliyachota kwa vidole viwili, akatusugua kama anayeng'arisha sufuria. Uso wa mtoto aliyepauka, alituambia kila mara, unamtangaza mama yake. Tulifika Gatitu tuking'aa kiasi cha mtu kujitazamia.

Barasa alitutazama, akashusha kamera.

"Mama Muriithi, hii mafuta ndio inaniharibia kazi," akasema. "Flashi ikigonga hiyo uso inarudi yote. Panguza hawa watoto."

"Nipanguze watoto wapauke, baba yao aone nimeshindwa kulea?"

"Si mimi ni flashi!"

"Wewe Barasa, mwaka jana nilikuletea watoto wawili, ukanipea picha ya minazi. Piga picha. Mambo ya mafuta niachie mimi."

Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu, na foleni ya Nyeri haijui kunyamaza. Wengine walisema mwenye kamera ndiye anajua. Wengine walisema hakuna mzazi wa kuamrishwa kuhusu ngozi ya mtoto wake. Wakazozana mpaka mama mmoja muuza mboga za sukuma, aliyekuwa amechoka kubeba mtoto mgongoni, akapaza sauti, "Si mpanguze huyo mweupe, na mmwachie huyu mwingine mafuta yake? Aki mnatuchelewesha."

Barasa alikuna kidevu. Mama, ambaye hakupenda kushindwa lakini alipenda nusu ya kushinda, akamvuta Muriithi na kumfuta uso kwa pembe ya leso yake. Mimi nikaachiwa mng'ao wangu. Barasa naye akachangamka, akaanza kutoa amri kama kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Muriithi akarudishwa nyuma kidogo, karibu na mgomba, samahani, mnazi. Mimi nikasogezwa mbele, upande ambao mwangaza ulikuwa ukiingia. Kisha akatoa hanchifu nyeupe mfukoni, akaikunja, akaifunga juu ya flashi.

"Leo sitaki flashi ipige kelele," akasema. "Nataka inong'one tu. Jua ndio itafanya ile kazi kubwa. Ngojeni ichungulie."

Tukangoja. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati, na mchanga ule ulikuwa baridi hadi kwenye mifupa. Tuliosimama baharini tulitetemeka meno. Hatimaye jua likajitokeza, si jua kamili, lile la gathano lisiloweza kukausha hata soksi, likaniangukia shavuni. Nikasikia klik. Sikucheka. Niliwaza, safari hii baba anione bila meno.

Wajukuu zangu wanapiga picha sahani ya chipsi mara ishirini kabla ya kula, kisha wanafuta kumi na tisa. Wao hawajui kungoja filamu. Barasa hakuipeleka filamu Nairobi kusafishwa mpaka iishe yote, kwa hivyo nilianza kuwaombea majirani wapate harusi. Nilishangilia ubatizo wa watoto nisiowajua. Kila nilipotumwa Gatitu nilipitia pale kuchungulia, naye alinifukuza, "Rudi nyumbani, bado haijajaa!" Mama alisema subira huvuta heri. Nilitaka kumwambia subira ni rahisi kwa mtu anayeonekana.

Siku picha ilipokuja, mama aliifungua akiwa amesimama mlangoni. Muriithi alikuwa amefumba jicho moja. Na mimi nilikuwepo. Paji la uso langu lilikuwepo, na mashavu, na kovu dogo juu ya nyusi nililolipata kwa ng'ombe, na macho yangu yakimtazama mtu moja kwa moja. Sikuwa nimeng'arishwa wala kufifishwa, nilikuwa mweusi kama nilivyo, na kila kitu changu kilionekana. Niliishika ile picha nikahisi kama nimezaliwa upya. Mama alisema "Haiya!" kisha akaifuta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi.

Krismasi baba alikuja na ile picha ndani ya kifuko cha kitambulisho chake cha kazi. Hakuwa ameibandika ukutani. Alinikalisha karibu naye na safari hii hakunitania. Kisha akaniambia, "Nilipoifungua, nilimwona mama yangu." Mama yake ndiye Wairimu niliyepewa jina lake, kama desturi yetu ilivyo. Alifariki kabla sijazaliwa, na maishani mwake hakuna kamera iliyowahi kuelekezwa kwake. Baba alikuwa ameanza kumsahau sura. Kwake yeye, ile picha ya bahari ya uongo ndiyo picha ya pekee ya mama yake, na aliibeba mpaka pembe zake zikaisha.

Agosti iliyopita binti yangu Njeri aliwapeleka watoto wake Diani. Bahari ya kweli, mchanga usio na paka. Bintiye wa pili ana jina langu, na ana rangi yangu pia, Mungu asifiwe. Walipokuja kunisalimu Gatitu walinionyesha picha kwenye simu. Nikamtafuta Wairimu nisimwone. Nilimwona mtoto wa rangi ya chai ya maziwa, kidevu kimechongwa, pua imepunguzwa.

"Si ndiye huyu, mami," Njeri akasema. "Simu ndio inafanya hivyo yenyewe. Inatoa watu smart."

Nikamwambia aizime hiyo akili ya simu. Nikamtoa mtoto hadi kwenye baraza, nikamgeuza pale mwangaza wa asubuhi unapoingia pole pole, nikampiga picha mimi mwenyewe. Na ilitoka. Lilikuwa lile paji la uso alilolitambua baba yangu, na macho yale yale. Nilijawa na furaha. Nikampa aone.

Aliitazama sana. "Iko sawa, cucu," akaniambia mimi nyanya yake. "Lakini si ungeongeza mwangaza kidogo?"

Nikamwambia mwangaza uliopo unatosha. Hakunibishia, ana adabu. Aliichukua simu kwa mikono miwili, akampelekea mama yake ndani amwongezee.