Uso wa Aketch Ukutani

Ulimi uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa cha Opondo, mchora mabango wa Kisumu Ndogo. Angeline, binti wa Riruta aliyesomea sanaa, alimjia kibandani akamwambia anataka kufuta mchoro wa fundi hodari mbele ya watu, na kule kufuta ndiko kutakuwa sanaa yake.

"Ukifuta ovyo ni uharibifu tu," alisema. "Lakini ukifuta ukijua unachopoteza, hiyo ni sanaa. Ndio maana nataka kazi yako, Baba Trizah."

Jamani, nani asingevimba kichwa? Miaka yote Opondo amechora vinyozi, kuku wa kukaanga na simba wa getini, na hakuna aliyewahi kumwita hodari. "Chagua ukuta wowote," akasema, wakapeana mkono. Na wachora mabango wana mila yao: ukishampa mwenzako ukuta, umempa. Anayerudisha neno haazimwi hata brashi.

Angeline akamchagua Aketch.

Aketch alikuwa mke wa Opondo, marehemu. Picha yake iko ukutani Kawangware, kwenye ploti ya mzee Gichuru walikokuwa wakiishi. Kila Jumapili baada ya kanisa Opondo humpeleka binti yao Trizah akamsalimie mama: mwanamke mnene, mashavu yanang'aa, anacheka na karai la dagaa wa omena kichwani. Kile ambacho watu hawakujua ni kwamba chini ya huyo kuna mwingine. Wiki ya matanga Opondo alimchora mkewe kama alivyokuwa kitandani, mifupa na macho, kwa rangi ya mafuta. Kisha akaona haya, akamfunika kwa rangi ya maji. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta, hata mwanagenzi wa juzi anajua. Isugue kwa sabuni, itabanduka, ya chini ibaki.

Alimwendea Gichuru. "Kataza, mzee. Ukuta ni wako."

"Nikataze na nimeshaalika kanisa zima?" Gichuru akacheka. "Wacha ploti yangu ijulikane, Opondo."

Kumwambia Angeline ukweli aliogopa, kwa maana angeutamani ukuta huo zaidi. Kumzuia Trizah nyumbani hakuweza. Msichana wa kidato cha pili hafungiwi kama mbuzi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na aliyeyamwaga ni yeye.

Siku ilipofika, Angeline alisugua polepole, kwa heshima, hata Opondo akakosa namna ya kumchukia. Karai likaenda. Kicheko kikaenda. Shavu likabanduka, na mahali pake pakatokea shavu lililobonyea na jicho kubwa la mgonjwa. Angeline akaweka sifongo chini.

"Kumbe wewe ndiye ulimfuta kwanza," akasema. "Baba Trizah, tuache hapa hapa. Hii ndiyo kazi."

Opondo alichovya kitambaa kwenye thina ya kuyeyushia rangi ya mafuta, akausogelea ukuta, akaanza na kidevu. Afadhali ukuta mtupu kuliko mwanawe abaki na mama wa namna hii. Kidevu kikayeyuka, mdomo ukafuata, rangi ikamtiririka hadi kwenye kiwiko, naye akilia bila kujificha.

Trizah akatoka kati ya watu, akamshika mkono. "Baba, wacha. Utammaliza."

"Usimwangalie, nyathina, mwanangu. Mama yako ni yule mwingine."

"Yule mwingine mimi sikuwahi kumjua. Nilikuwa nakuja Jumapili juu ya vile wewe ulikuwa unafurahi." Akauelekezea ukuta kidole. "Huyu ndiye alikuwa ananisuka akiwa amelala. Huyu ndiye namkumbuka."

Opondo aliinua macho. Macho ya Aketch yalikuwa bado yapo ukutani. Mdomo alikuwa ameshaufuta.