Kioo cha Boila Kilichokwenda Harusini

Mfuko wangu wa kazi ni wa turubai, na wakati ule nilikuwa nikiulaza kitandani upande wa ukutani, kama mtoto anayeweza kuanguka. Ndani mlikuwa na vifaa vya kuhudumia boila ambavyo bosi alinikabidhi nivitunze: spana za kila saizi, brashi ya waya yenye mpini mrefu ya kusukumia masizi ndani ya mabomba, na kile nilichokipenda kuliko vyote, kioo cha duara kisichozidi kiganja, chenye taa ndogo ubavuni na mpini unaovutika kama eria ya redio. Unakipenyeza nyuma ya boila, unawasha taa, na unauona mgongo wa chuma bila kuzunguka. Nyumbani nilikitumia kutazamia juu ya kabati, chini ya kitanda, na siku moja ndani ya sikio la paka wetu, ambaye baada ya hapo alininunia wiki nzima.

Bosi wangu ni mtu wa bara anayekaa Ukunda. Hutengeneza maboila ya hoteli za Diani, yale mapipa makubwa ya chuma yanayochemsha maji ya kuoga wageni na ya kufulia mashuka. Wiki ile aliniambia, "Fundi mdogo, Jumamosi utafungua boila wewe mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Ukiweza, ile hoteli ndogo ya kwenu Msambweni nakuachia uishughulikie."

Niliacha shule kidato cha pili, na hakuna aliyewahi kuniachia hata duka nimlindie. Nilirudi nyumbani nikiwa tayari nina gari langu la buluu, limechorwa mwali wa moto ubavuni, na mimi ndani yake nampungia mkono kila mtu. Gari lilikuwa kichwani tu, lakini mkono nilipunga kweli, maana mama muuza maandazi alinipungia pia.

Bahati mbaya, au nzuri, dada yangu mtoto wa shangazi alikuwa anaolewa Jumapili, na nyumba ya shangazi na yetu zinatenganishwa na kamba ya nguo. Ijumaa alasiri alikaa mkekani anapakwa piko, ile rangi nyeusi ya maua ya bibi harusi. Mikono ikaisha, miguu ikaisha. Kisha akamnong'oneza mpakaji wa piko, na wanawake wengine wakatolewa nje. Nikabaki mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua.

Dada aliungua mgongoni akiwa mtoto, alimwagikiwa na chai ya moto. Kovu lipo, ila yeye hajawahi kuliona. Tangu utotoni anategemea tulivyomwambia sisi, na sisi kila mtu alisema lake. Mama alisema ni kidogo tu. Mimi nilipokuwa na miaka sita nilimwambia linafanana na ramani ya Afrika, na hakunisamehe.

"Mume wangu ataliona," alisema. "Na mimi mwenyewe silijui. Nitakuwa nyumba moja na mtu anayenijua kuliko ninavyojijua?"

Mpakaji akachora shina kuzunguka kovu lote, akatoa vijani pembeni, hata kovu lenyewe likawa jani moja kubwa. Nami nikakimbia nyumbani nikaleta mfuko, nikatoa kioo changu. Dada akashika kioo cha ukutani mbele, mimi nikashika cha boila nyuma, taa inawaka. Alitazama muda mrefu.

"Ni hili tu?" akasema. "Miaka yote hii, ni hili tu?" Akacheka, akalia, akacheka tena, na mpakaji akamgombeza, "Tulia wewe, unanitingishia jani!"

Shangazi naye alikuwa amekwisha kuuona mfuko. "Mwanangu, hiyo brashi ndefu itatoa ukoko wa sufuria la pilau?" Nikamwambia ni ya masizi. Akasema, "Basi imeshazoea." Niliiosha kwa sabuni mara kadhaa kabla hajaigusa, naapa.

Alfajiri ya Jumamosi nikamkuta dada amelala, kioo amekikumbatia. Nilishika mpini, nikauachia. Nikajiambia, leo ni kupiga brashi tu, kioo cha nini? Nikachukua mfuko kwa shangazi nikaenda Diani.

Nilifungua boila, nikasukuma brashi bomba la kwanza, la pili. Bosi akanusa. "Kwa nini boila inanukia pilau?"

"Labda ni jikoni kwa hoteli."

"Jikoni iko upande ule." Akanusa brashi, akaniangalia, akanirudishia.

Mabomba yakaisha safi. Nikafunga, tukajaza maji na kupandisha presha ya kupimia. Ndipo tukasikia: to, to, to. Maji yanadondoka sakafuni kutoka mgongoni mwa boila, ambako kati ya chuma na ukuta mkono hupita ila kichwa hakipiti. Huko kuna nati nane, na moja ilikuwa imelegea.

"Lete kioo," akasema bosi.

Nikafungua mfuko polepole, kama anayesubiri muujiza. Nikatoa mkebe wa mahamri. Nikatoa koni ya piko iliyobaki.

"Hii ni nini?"

"Shangazi aliazima mfuko. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu."

"Na kioo iko wapi?"

"Harusini."

Bosi akakaa juu ya ndoo. Akaingiza simu yake kule nyuma apige picha, akapata picha nzuri sana ya kidole gumba chake. Akala hamri. Akala jingine. "Bila kioo hujui ni nati gani," akasema huku anatafuna, "na ukikaza zote kwa kubahatisha unavunja moja. Msambweni sahau."

Gari langu la buluu likaanza kurudi kinyumenyume. Nikabaki nimeshika koni ya piko, na koni ya piko mkononi mwa msichana wa pwani haikai bure. Nikaingiza mkono nyuma, nikapapasa nati ya kwanza, nikaipaka. Tone likaanguka jeupe. Nikaipaka ya pili: jeupe. Bosi akaacha kutafuna. Nilipoipaka ya tano, tone likashuka jeusi kama wino.

"Ngoja!" akapiga kelele, kama kwamba nati ingekimbia. Akashusha presha, akaingiza mkono wake wenye nguvu, akakaza. Presha ikapanda tena, sakafu ikabaki kavu. Mkono wake ulipotoka, vidole vyote vitano vilikuwa vyeusi tititi. Akasugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa petroli. Mtu wa bara hakujua kwamba piko haitoki kwa kusugua, huisha yenyewe baada ya siku nyingi.

Akachukua mfuko wangu, akautundika begani mwake. "Huu unabaki na mimi mpaka kioo irudi. Msambweni tutaongea siku hiyo."

Jioni nikafika kwa shangazi na maneno makali niliyoyapanga njia nzima. Dada akanitangulia. "Niachie niende nacho Mkwiro kwa mume wangu," akasema. "Nataka nijitazame huko kwanza, mwenyewe, kabla hajanitazama yeye." Maneno makali sijui yalikwenda wapi. Nikamfundisha kubadilisha betri.

Basi kioo kikavuka maji na bibi harusi, nami nikakaa wiki nzima bila mfuko, kitanda kikubwa ghafla. Kikarudi na mama mmoja wa Mkwiro, kimefungwa lesoni pamoja na pweza mkavu, na dada akanipigia simu. "Kovu hakulisema. Aliuliza tu hili ni jani la mti gani. Halafu akauliza vinauzwa wapi vioo hivi, anataka cha mashine ya boti yake."

Nikaenda Ukunda na kioo na pweza. "Shikamoo bosi."

"Marahaba." Vidole vyake bado vilikuwa na weusi. "Mtaa mzima inaniuliza nimeoa nani. Bibi yangu pia ameuliza, na yeye hakuwa anacheka." Akakitazama kioo, akawasha taa, akazima. Akampokea pweza kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Kisha akanirudishia mfuko.

Nilipouinua kitu kikalia ndani. Ulikuwa mkebe wa shangazi. Nikaufungua: ndani hamna hamri hata chembe, mna ufunguo, na utepe wenye jina la hoteli ndogo ya Msambweni.

"Si mlisema hairudi tupu?" akasema bosi, akaingia ndani na pweza wake.

Nikaufunga mkebe. Njiani nikautikisa, nikautikisa tena, ili tu nisikie.