Kilio Kifike Barabarani

Mama Valérie wa Walikale alipewa na Mungu sauti iliyokusudiwa vijiji vitatu. Nadhani Mungu alichoka njiani, akammwagia yote yeye.

Miaka ya hamsini, daktari Mzungu aliyepita kwenye zahanati yetu kwa nadra aliacha amri moja juu ya morfini, dawa ya kutuliza maumivu makali: mtu asichomwe sindano mpaka kilio kisikike barabarani. Aliogopa dawa isije ikaishia kwa wenye mafua. Amri ya mtu asiyetujua! Wanaume wetu wamepita jandoni, na jandoni anayelia hubaki mtoto hadi kaburini. Basi waliletwa mifupa ikiwa nje, wakaketi kwenye benchi, wakatazama dari. Muuguzi Séraphin, aliyeipenda sheria kuliko aliyeitunga, akawapa aspirini.

Valérie ndiye aliyeikomesha balaa hiyo. Gogo la mtego lilimwangukia mumewe, Honoré, likamvunja mkono, naye Honoré, alipofikishwa zahanati, akatazama dari kama wenzake. Valérie hakuvumilia. Alifungua kinywa pale pale, na wapita njia wakatua mizigo. Séraphin alifikiri sana. Amri ilitaka kilio, haikusema cha nani. Akachoma.

Tangu hapo mwanaume akiumia, aliitwa Valérie kwanza, muuguzi baadaye. Alimwuliza mgonjwa inauma namna gani, kisha akalia kwa kipimo: jino kwa pua, mfupa kwa kifua. Walimshukuru kwa ndizi na nyama ya porini, naye akanenepa kwa maumivu ya watu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Halafu siku moja sufuria ya mawese yaliyochemka ikammwagikia mguuni. Alilia kutoka jikoni hadi zahanati, na njia nzima watu walimsifu kwamba leo kweli yuko kazini. Séraphin alimpokea vizuri, akachungulia nyuma yake.

— Mama Valérie, mugonjwa iko wapi?

— Njo mimi.

— Hapana. Weye njo mulizi. Mugonjwa iko wapi?

Alimwonyesha mguu. Séraphin aliuona, akasikitika kwa dhati, lakini mgonjwa anayejililia mwenyewe hakuwahi kumpata. Angejuaje kama ni maumivu au ni mazoea? Alitaka mgonjwa awe huku na mlizi awe kule. Ningekuwepo, sindano ningemchoma Séraphin mwenyewe.

Wakamwita Honoré. Alikuja mbio, akauona mguu uliobabuka hadi kifundoni, akaelewa anachotakiwa kufanya. Benchi lilijaa wanaume aliopita nao jandoni. Alikohoa. Akatoa sauti kama ya mbuzi aliyefungiwa ndani.

Séraphin alichungulia dirishani, akasema haikufika barabarani.

Honoré akautazama mguu tena. Safari hii kilio kilitoka chenyewe, kinene, kibaya, hakina mpangilio wowote, na mbuzi halisi wakaitikia huko nje. Valérie mwenyewe alinyamaza kumsikiliza. Wanaume wote wakatazama dari kwa heshima. Séraphin akachoma.

Dawa ikafanya kazi yake. Valérie akalegea, akamgusa mumewe begani, akamwambia basi, inatosha, haiumi tena. Honoré aliendelea kulia, ameushika ule mkono wake uliovunjika zamani.

— Niache nimalize, mama. Ingali inabakia ile ya mukono.