Mbwa Ambaye Hakuna Aliyemsubiri

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, Jumapili moja ya Novemba, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia la nyumba yetu ya Malvern, mtaa wa Toronto, nikipaka rangi neno "shujaa", kwa Kiingereza, juu ya karatasi ya manila. Dakika nazikumbuka kwa sababu nilikuwa naitazama saa. Mama, ambaye ni muuguzi, alikuwa ameondoka kwenda zamu saa kumi, na hakuwa amepiga simu.

Kwetu, mtu akisafiri, nyumba haifagiliwi mpaka ijulikane amefika. Ukifagia mapema unafagia nyayo zake, na njia ya kurudi inapotea. Nyanya aliileta imani hiyo Toronto kutoka Taita bila kuipunguza. Hata safari ikiwa ya mabasi mawili tu hadi hospitali, ufagio ulilala nyuma ya mlango. Mama alimcheka, lakini simu alipiga kila siku.

Mwalimu alikuwa amenipa mbwa wa kumwandikia. Wenzangu walipewa tumbili, kobe, hata nzi, wanyama waliowahi kurushwa angani, na Jumatatu kila mtoto angesimama kumsifu wake. Neno la juu alilichagua mwalimu mwenyewe.

Nilimsomea Nyanya maelezo niliyonakili, kwa Kiswahili changu cha kukwama: mbwa koko, jike, aliyeokotwa mitaani Moscow.

"Na alipofika, alimpigia nani?" akauliza.

Nilicheka, nikamweleza kuhusu nyaya na redio zilizopeleka mapigo ya moyo wake hadi duniani.

"Haya. Na kurudi?"

Nikautafuta mstari. Chombo hakikutengenezwa kurudi. Nilikuwa nimeunakili mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, bila kuusikia.

Nyanya akaweka kikombe chini. "Hao walifagia akiwa bado mlangoni."

Simu ikalia. Mama alikuwa amefika. Nililia hata nikashindwa kusema naye, na Nyanya akamwambia ni habari ya mbwa.

Nimesoma hadi chuo kikuu tangu siku hiyo, na nimehakikisha kila jambo. Alikufa kwa joto saa chache tu baada ya kurushwa, na kwa miaka mingi watu waliambiwa aliishi siku kadhaa. Mmoja wa waliomwandaa alimpeleka kwanza nyumbani kwake, acheze na watoto. Hilo hunichoma kuliko uongo wenyewe. Walimzoea, kisha wakamfungia. Na bado tunawapa watoto kalamu za rangi wamwite shujaa, kana kwamba aliulizwa.

Siamini kwamba ufagio hupoteza njia ya mtu. Lakini nikitoka kumsindikiza mtu uwanja wa ndege, siugusi. Anayemtuma kiumbe hana budi kumsubiri. Nadhani Nyanya hakuwa na neno jingine la kulisema hilo.

Jumatatu ile asubuhi nilibandika ukanda wa karatasi nyeupe juu ya neno lile. Zamu yangu ilipofika, mwalimu akaniuliza kwa upole neno la juu limeenda wapi. Nikasema, kwa sauti iliyofika hadi dawati la mwisho, kwamba waliomtuma walijua hatarudi. Kisha nikaenda kukaa.